Kurejesha au Kubadilisha: Uhalisi wa Stesheni Wagoni Kuukuu

Stesheni wagoni ya Peugeot 504 iliyosalia katika boma la Nyanza humletea mwenyewe swali ambalo fundi hawezi kulijibu peke yake. Gari limekaa chini ya mwembe miaka mingi. Sakafu imeliwa na kutu, injini haigeuki, na viti vya nyuma viling'olewa zamani ili magunia yapate nafasi. Fedha za kulifufua zikipatikana, njia huwa mbili. Linaweza kurejeshwa lilivyotoka kiwandani, kwa rangi ileile, kabureta ileile na gia za kwenye usukani. Au linaweza kubadilishwa kwa kutiwa injini ya Toyota, breki za leo na viti vipya, kisha lirudi kazini. Uamuzi huo huonekana kuwa wa gereji na wa mfuko tu, lakini umebeba suala la kale la falsafa: kitu ni nini hasa, na aliyekirithi ana uhuru gani juu yake.

Uzito wa suala hauonekani mpaka ijulikane gari lenyewe lilifanya nini. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960 na 504 mwaka 1968, na zote mbili zilijipatia jina Afrika Mashariki katika mashindano ya magari ya Safari. Nick Nowicki alishinda akiwa na 404 mwaka 1963 na tena mwaka 1968, na katika kila moja ya miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland wa Tanzania alishinda na 404 mwaka 1966 na 1967. Ove Andersson akafuata na 504 mwaka 1975. Mwalimu au mfanyabiashara wa Kisumu aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji tangazo lingine. Gari lililovuka tope la Safari lingevuka pia tope la Nyando.

Magari hayo ya mashindano yalikuwa sedani. Stesheni wagoni ilijengwa kwa kazi nyingine. Wahandisi waliurefusha mwili wa 504, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukatoka mita 2.74 hadi mita 2.90. Nyuma waliacha mfumo wa sedani ya kwanza, ambamo kila gurudumu lilijitegemea, wakaweka ekseli moja ngumu juu ya springi nne, mbili kila upande, ili gari lipokee mzigo bila kulala. Toleo la familia lilikuwa na safu tatu za viti. 504 nyingi zilizouzwa Kenya ziliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa hiyo hata anayetaka kulirudisha gari kwenye asili yake huenda asili hiyo akaikuta pwani ya Kenya badala ya Sochaux, Ufaransa.

Kabla vani za Kijapani hazijaenea, Peugeot za safu tatu zilibeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu. Barabara hiyo ni mtihani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na Kericho karibu mita 2,000, na kabureta iliyopangwa vizuri ufuoni humwaga petroli kupita kiasi ikifika mlimani, kwa kuwa hewa imepungua. Kwa familia za Waluo gari hili lilibeba pia jukumu zito kuliko yote, yaani kumrudisha marehemu nyumbani. Jeneza lilifungwa juu ya keria, jamaa wakajibana ndani, na safari iliyoanzia Nairobi ikaishia katika boma la wazazi huko Siaya au Homa Bay, mahali ambapo mila inataka mtu azikwe. Hakuna kitabu cha kiwanda kinachotaja kazi hiyo. Hata hivyo, kwa walioifunga safari ya namna hiyo, hakuna kazi nyingine inayolieleza gari vizuri zaidi.

Leo 504 za aina hii ni za kuhesabika. Spea zimekuwa ngumu kupatikana, na bodi nyingi zilikatwa zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Uhaba huo ndio unaofanya uamuzi uwe mzito. Gari lililo moja kati ya elfu likiharibiwa kwa uamuzi mbaya, hasara ni ya mwenyewe. Likiwa moja kati ya machache yaliyobaki, hasara huwafikia hata wasiomjua.

Swali la viungo na utambulisho lilianza na chombo cha majini. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za utawala wa Roma, alieleza jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema ni ileile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Tuseme mtu ameziokota mbao zote zilizotupwa akaziunga upya kwa mpango uleule. Je, kati ya merikebu hizo mbili, ya Theseus ni ipi?

Katika ufuo wa Dunga kwenye Ziwa Victoria, nje kidogo ya mji wa Kisumu, wavuvi wanaishi na jambo hilo bila kubishana. Mashua ya mbao huvuja, ubao hubadilishwa, vipande vya bati hupigiliwa juu ya maungio, rangi hupakwa upya. Jina ubavuni hubaki. Hakuna anayesema kwamba mashua ya mzee imekufa na nyingine imezaliwa, kwa sababu kila ubao mpya uliingia wakati mbao za zamani zingali zimeshika, na mashua haikuacha kwenda majini ila kwa siku za matengenezo. Jibu la wavuvi ni zuri kuliko linavyoonekana. Utambulisho wa chombo hautegemei wingi wa viungo vya kwanza vilivyobaki. Unategemea mfululizo usiokatika wa mwili na kazi. Gari lililotengenezwa kidogo kidogo kwa miaka 40, hata likabadilishwa viungo vingi, limelindwa zaidi kuliko gari lililofunguliwa lote kwa mwezi mmoja, likasuguliwa na kufungwa upya kwa spea mpya.

Tatizo la Hobbes nalo si la kubuni. Injini ya 504 moja huishia katika pikapu, milango ikauzwa katika soko la Kibuye, difu ikaenda Kakamega. Sheria hulimaliza jambo hilo kwa kuangalia namba iliyogongwa kwenye chuma: gari ni pale ilipo namba ya chesisi. Kwa usajili jibu hilo linatosha. Kwa falsafa ni finyu mno, kwa maana mtu anaweza kukikata kipande chenye namba, akakichomelea kwenye gari jingine kabisa, kisha akadai kwamba lile la kwanza lingali hai. Wezi wa magari hufanya hivyo hasa. Namba ni ushahidi wa mfululizo tu, haiwezi kushika nafasi ya mfululizo wenyewe.

Anayetaka kurejesha anakabiliwa na swali gumu zaidi, yaani kurejesha hadi wakati gani. Siku gari lilipotoka Mombasa lilikuwa na rangi moja na halikuwa na keria. Mwaka lilipoanza kubeba abiria, viti vilibadilishwa na bampa ya nyuma ikaongezwa ngazi. Lilipostaafu na kuwa gari la shamba, viti viliondolewa. Kila moja ya hali hizo ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Kuichagua siku ya kwanza na kuzifuta nyingine ni uamuzi, na uamuzi huo huangusha sehemu kubwa zaidi ya maisha ya gari, ile sehemu ambayo liliishi hasa Nyanza.

Mgogoro huu uliwahi kuwagawa watu wa majengo Ulaya. John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu usanifu, alishikilia kwamba kurejesha jengo ni kuliharibu na kisha kusema uongo juu ya kilichoharibiwa. Eugène Viollet-le-Duc wa Ufaransa aliamini kinyume, kwamba kurejesha ni kulifikisha jengo kwenye ukamilifu ambao huenda halijawahi kuwa nao wakati wowote. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulijaribu kuweka mipaka: kazi ya kurejesha isimame pale makisio yanapoanza, na nyongeza halali za kila kipindi ziheshimiwe. Tamko la Nara la mwaka 1994, lililotolewa Japani, lilienda mbele kwa kusema kwamba uhalisi wa kitu upimwe ndani ya utamaduni wake, wala usipimwe kwa kipimo kimoja cha dunia nzima.

Kwa upande wa magari, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina masharti yake. Gari la kihistoria liwe na angalau miaka 30, liwe limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe la usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho linaeleweka katika nchi ambako gari kuukuu ni burudani ya Jumapili. Kwa stesheni wagoni ya Nyanza ni sharti geni. Gari lililojengwa na kuthaminiwa kwa kubeba, likikatazwa kubeba, limeondolewa kile kilicholifanya listahili kuhifadhiwa. Ukifuatwa moyo wa Nara, hali iliyo sahihi kihistoria kwa gari hili ni pamoja na keria yenye mikwaruzo na sakafu iliyochakaa kwa magunia.

Ukanda wa ziwa una mfano wake wa uhalisi wa aina hiyo. Thimlich Ohinga, ngome za mawe katika kaunti ya Migori, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zilijengwa bila saruji karne kadhaa zilizopita, na jamii zilizofuatana, Waluo wakiwamo, zilikaa humo, zikatengeneza palipobomoka na kuendeleza kuta zilezile. Thamani ya mahali hapo haikutokana na kubaki mikononi mwa wajenzi wa kwanza. Ilitokana na watu wengi kulitunza jambo moja kwa mbinu zinazopatana na kuta zenyewe. Anayeziba pengo kwa jiwe juu ya jiwe ameingia katika mlolongo huo. Anayemwaga saruji ameukata, hata kama ukuta wake ni imara zaidi.

Kubadilisha nako kuna hoja nzito, na si haki kukuita uharibifu kabla ya kukusikiliza. Injini ya Toyota iliyotumika inapatikana, mafundi wanaijua, na spea zake ziko katika kila mji wa Nyanza. Mwenye gari anayeishi Mbita au Usenge hawezi kungoja miezi kadhaa sehemu ya kabureta itoke ng'ambo. Gari lililosimama kwa kukosa kifaa kimoja huoza, na kutu haijali nani alikuwa mwaminifu kwa kiwanda. Yapo pia maisha ya watu. Mikanda ya usalama kwenye viti vyote, taa zinazoangaza vya kutosha na breki zinazoaminika kwenye mteremko wa kushuka bonde la Nyando havina mjadala. Uhalisi hauwezi kununuliwa kwa damu ya abiria.

Ila mabadiliko hayalingani. Mwili wa 504 hujibeba wenyewe. Hauna fremu ya chuma chini yake kama lori. Anayekata ukuta wa mbele ili injini kubwa ienee, au anayekata paa na nguzo za nyuma ili apate pikapu, amegusa mifupa. Hakuna atakayeirudisha bila kujenga upya. Anayefunga injini nyingine kwa mabano ya kufungua kwa bolti, akaihifadhi ile ya kwanza ikiwa imepakwa mafuta ghalani, ameacha mlango wazi kwa atakayekuja na maoni tofauti. Tofauti hiyo ina maana kubwa kimaadili kuliko tofauti ya Toyota na Peugeot. Kizazi cha leo kina haki ya kuamua kwa ajili yake. Hakina haki ya kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kuamua vingine pasipo sababu ya lazima.

Hapa hoja ya kazi hupata mpinzani hodari. Ikiwa kiini cha stesheni wagoni ni kubeba, basi mrithi wake wa kweli anaonekana kila siku kwenye barabara za Homa Bay na Bondo: Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, ikiwa imejaa watu, samaki na magunia. Kwa kipimo cha kazi peke yake, Probox ni 504 zaidi ya 504 inayosimama chini ya mwembe, na mwenyewe angefanya vyema kuliuza gari la zamani kama chuma na kununua jipya. Hoja hiyo inashindwa mahali pamoja. Kazi hurithiwa, kama cheo cha chifu kinavyorithiwa, lakini kumbukumbu za aliyekuwa chifu hazihamii kwa anayekalia kiti. Chuma kilekile kilichombeba babu hadi kaburini hakiwezi kubadilishwa na chuma kingine kinachofanya kazi sawa. Kwa hiyo vinahitajika viwili pamoja, mwili unaoendelea na kazi inayoendelea. Gari la maonyesho limeshika mwili na kupoteza kazi. Gari lililobadilishwa hadi mifupa limeshika kazi na kupoteza mwili.

Ziwa lenyewe limetoa mfano wa kushika vyote viwili. MV Uhuru, meli ya Kisumu iliyoundwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya reli, ilikaa miaka mingi bila kazi, kisha ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2019 kupeleka mafuta Uganda. Ilirudi kubeba, katika ziwa lilelile, ikiwa na jina lilelile.

Namna ya kufikiri inayofaa hapa ilielezwa na mwanafalsafa aliyezaliwa Nyanza. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliwahoji wazee wenye hekima, akiwamo Paul Mbuya Akoko, na mwaka 1990 akachapisha matokeo ya utafiti huo. Alitenganisha wazee wa aina mbili. Mmoja anaijua mila kikamilifu na kuieleza kama ilivyo. Mwingine anaijua vilevile, lakini huipima kwa akili yake, akakubali hili na kukataa lile, akitoa sababu. Wote wawili ni wenye hekima, ila wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Kwenye gereji tofauti hiyo ipo waziwazi. Kuna fundi anayejua kila bolti ya kiwanda na kuirudisha ilipokuwa. Kuna pia yule asiyejua bolti hizo na anayebadilisha kwa kutojua. Huyo hayumo katika mgawanyo wa Oruka hata kidogo. Anayehitajika ni wa tatu, anayejua kwa nini springi za nyuma ni nne, na kwa hiyo anajua akizibadilisha atapoteza nini. Mabadiliko yanayofanywa na mtu asiyeielewa sehemu anayoitoa hayawezi kuitwa uamuzi.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu huendelea kuwamo katika Sasa muda wote ambao yupo anayemkumbuka kwa jina, ndipo taratibu huingia katika Zamani. Wanafalsafa wengine wamempinga juu ya wakati, na wana sababu. Kwa vitu, hata hivyo, maelezo yake yanasaidia. Bonde kwenye mlango wa nyuma lina maana kwa shangazi anayejua lilivyotokea. Akifa bila kusimulia, linakuwa bonde tu, na fundi atalijaza pati bila hatia. Ndiyo maana mazungumzo na wazee wa familia yatangulie nyundo, na yaandikwe.

Dini zinazofuatwa Kisumu huleta kipimo cha mali. Uislamu huiona mali kuwa amana na hukataza israfu. Kutumia gharama ya karo za watoto kwa kurudisha vipande vya nikeli visivyoonekana ni vigumu kutetea mbele ya kipimo hicho. Injili ya Mathayo ina mifano miwili inayovuta pande tofauti. Mtumwa aliyeifukia talanta ardhini aliirudisha nzima, bila kasoro, na bado alilaumiwa: kuhifadhi bila kutumia si uaminifu. Lakini Injili hiyohiyo inaonya juu ya kushona kiraka kipya kwenye vazi kuukuu, maana kiraka hulivuta vazi na tundu likazidi. Wachomeleaji wa Kisumu wanalijua hilo kwa mikono. Bati nene jipya likichomelewa kwenye bati jembamba lililochakaa, nguvu hukusanyika ukingoni mwa kiraka, na ufa hufunguka hapo. Dawa ni kukata hadi kwenye chuma kizima na kutumia bati la unene uleule. Gari litumike, basi, lakini kwa kujua kitu kuukuu kinaweza kuvumilia nini.

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, kazi ina mpangilio wake. Kwanza gari lipigwe picha na kuandikwa lilivyo, pamoja na habari za waliolipanda. Kisha kutu izuiwe, kwa sababu kwenye unyevu wa ziwa kila msimu wa masika hula kitu kisichorudi. Sakafu na kingo za chini zitengenezwe kwa uaminifu wote, kwa kuwa ndizo mifupa. Breki, mikanda na taa viboreshwe bila kusita. Injini ya kwanza ijaribiwe kufunguliwa kabla ya kukataliwa. Zikishindikana spea, iwekwe nyingine kwa namna ya kufungulika, na ya kwanza itunzwe. Rangi ya zamani iachwe pale inapolinda chuma bado. Gia za kwenye usukani zibaki, maana kuzihamishia sakafuni hakumpi dereva chochote anachokihitaji. Keria ibaki.

Mabadiliko ya injini, rangi au aina ya bodi yaingizwe pia katika kitabu cha gari, kama Sheria ya Trafiki inavyotaka, na mwenyewe aweke daftari lake linaloeleza nini kilitolewa, kwa nini, na kiko wapi. Urejeshaji kamili wa kiwanda unabaki na nafasi yake, kwa gari ambalo halikuwahi kufanya kazi nyingi au lililo la mwisho la toleo lake, ambapo ushahidi wa umbo la kwanza hauko mahali pengine. Na lipo gari ambalo kutu imeshafika kwenye nguzo na vishikizo vya springi. Hilo halina deni la kufufuliwa. Milango yake, vioo na ekseli yake vinaweza kuokoa 504 nyingine mbili, kila kifaa kikiandikiwa kilikotoka, na usajili wake ufutwe ili namba isije ikavaliwa na gari jingine.